Kuvimba

Uliomba kuvimba, Gethin, na umevimba.
Si kifua, si mikono uliyoipima kila Jumapili
kwa utepe wa mama wa kushonea,
ukiandika sentimita nyuma ya mlango wa choo.
Ni paja. La kushoto, upande wa nje,
jekundu kama tanuri la kiwanda cha mabati kabla hakijafungwa,
na joto lake nalipata kabla sijaligusa.

Siku ya kwanza ulisema ni mafuta tu, hayajatawanyika.
Siku ya pili ulikaa kwenye maji ya moto, ukikanda, ukisaga meno.
Siku ya tatu Huw akaleta vidonge vinne
vilivyobaki alipong'olewa jino,
na ushauri: ingiza sindano tupu, vuta, usaha utatoka wenyewe.
Huw yuleyule mwenye kichupa,
mfuniko wa mpira umetobolewa hadi umekuwa chujio,
simba wa dhahabu kwenye lebo, anwani hakuna.
Simba asiye na kwao.

Nikauliza: sindano ilikuwa mpya?
Ukatazama dirisha.
Nje mvua ya Cwmderw, ile isiyonyesha wala kukatika.

Najua ulipoanzia.
Miaka sita ukibeba mabati, kisha barua ya asante
yenye jina lako lililokosewa herufi.
Ukaenda kuomba kazi ya mlangoni kwenye baa,
wakakupima kwa macho, wakasema: rudi ukijaa.
Kama debe.

Saa mbili usiku nikachukua kalamu
ninayoandikia bei kwenye masanduku ya mikate,
nikauzungushia wekundu mstari,
kama muuguzi alivyomfanyia mama, mwaka ule wa mguu wake.
Nikasema: ukivuka hapa tunaondoka, utake usitake.
Saa nne ulikuwa umevuka. Vidole viwili.
Unatetemeka chini ya mablanketi matatu,
unalalamika baridi, na mwili unachoma kama birika.

Mficha maradhi kilio humfichua, husemwa.
Wewe hukulia.
Kilichokufichua ni soksi:
mtu wa kunyanyua kilo mia na arobaini
ameshindwa kuinama avae soksi.
Nikakuvisha mimi, dada yako, kama ulipokuwa na miaka mitatu,
na sote wawili tukajifanya hatuoni.

Hospitali nilitarajia hotuba. Nilishaandaa majibu makali.
Lakini daktari Prydderch aliuliza tu
dawa gani, kiasi gani, lini, nani alichoma,
akaandika yote kama mtu anayeandika mahitaji ya sokoni.
Kisha akapasua.
Harufu sitaisimulia.
Nilihesabu vigae vya dari, thelathini na saba,
na uliponibana mkono mifupa ikalia
nikafurahi, kijinga: nguvu bado anazo.

Sasa kila asubuhi Jincy, muuguzi aliyetoka Kerala,
anavuta utepe wa shashi kutoka ndani ya shimo,
polepole, kama utambi wa koroboi.
Anapima kina. Anaingiza mwingine.
"Hiki hakifungwi juu," anasema, "kinajaa kutoka chini.
Ukikiziba mdomo kitakula ndani kwa ndani."
Anasema akiangalia kidonda,
lakini nimeona shingo yako ikigeuka.

Jana niliingia chooni, nikafunga mlango.
Chini ya safu ya zamani, mkono, kifua, mkono,
umeanza safu nyingine, kwa penseli:
nne. Tatu na nusu. Tatu.
Tangu uanze kuandika pale
sijawahi kuona namba zikishuka
nawe umezipigia mstari.

Jioni Huw alipita kukujulia hali.
Hakukaa. Aliegemea friji, uzito wote mguu mmoja,
akacheka sana kwa jambo lisilochekesha.
Sikumuuliza kitu.
Nilimwekea kalamu mezani.